Simu na Lango la Shule: Tarehe ya Katazo Moja Uchagani

Sheria za kumzuia mwanafunzi asitumie simu ya mkononi darasani, ambazo siku hizi zinatungwa kwa haraka katika mabunge ya mataifa makubwa, zina sura ya majuto, kwa sababu zinakuja nyuma ya jambo lililokwisha kuenea. Ufaransa ilianza na katazo la darasani mwaka 2010, kisha ikalipanua kwa sheria ya Agosti 2018. Jimbo la Florida huko Marekani lilingoja hadi 2023. Uholanzi iliiondoa simu madarasani Januari 2024, na Brazil ikafuata kwa sheria ya Januari 2025. UNESCO ilipochunguza hali ya dunia katika ripoti yake ya Julai 2023, ilikuta kwamba nchi zenye sheria au sera ya namna hiyo hazijafika 1 katika kila 4. Kwetu Tanzania, na hasa katika miteremko ya Kilimanjaro ambako shule za bweni ni nyingi na baadhi yake ni za kale, mambo yalikwenda kinyume chake: katazo lilitangulia na kitu kilichokatazwa kikafuata, wala Bunge halikuhitaji kukaa kitako kulijadili, maana shule ilikuwa na ada yake ya zamani ya kuamua nani aseme na mtoto, saa ngapi, na kwa njia ipi, nayo simu ilipopanda mlima ilikuta nafasi yake katika orodha ya vitu haramu imekwisha kutengwa.

Ada hiyo haikuletwa yote na wageni. Kabla ya misheni kijana wa Kichagga aliyefikia rika lake alitolewa katika kihamba cha baba yake, yaani shamba la nyumbani la ukoo, akapelekwa msituni, katika mafunzo yaliyoitwa ngasi, mbali na mama, mbali na dada, mbali na mazungumzo ya jikoni. Na mwalimu wa rika aliwafundisha vijana kwa mregho, yaani fimbo iliyochongwa mikato na alama, kila alama na somo lake juu ya mwili wa mwanadamu, uzazi na mwenendo, masomo ambayo kijana aliyapokea kwa kiapo cha kutoyatoa nje. Tunayajua haya kwa sehemu kubwa kutokana na Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyekaa Old Moshi miaka mingi hadi 1938, ambaye aliyakusanya mafundisho ya wazee katika juzuu 3 zilizotolewa kati ya 1932 na 1938, na kutokana na Otto Raum, mwana wa mmisionari, aliyeandika kitabu juu ya utoto wa Kichagga kilichotoka 1940. Ninayataja kwa kuwa wako wanaodhani kwamba kumtenga mtoto na nyumbani ili afundishike ni fikira ya kizungu tupu. Sivyo. Mzee wa Kibosho au wa Marangu aliyemkabidhi mwanawe kwa mapadri au kwa wachungaji alikuwa amekwisha kujua, kwa mila zake mwenyewe, kwamba elimu nzito hutaka faragha. Lililokuwa geni kwake ni urefu wa utengano huo, ambao sasa ulihesabiwa kwa miaka, na ugeni wa watu walioshika ufunguo.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua kituo Kilema mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Palipojengwa kanisa palijengwa darasa, na palipokuwa na darasa zuri wakaja watoto wa mbali waliohitaji pa kulala. Waingereza waliposhika nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, shule ya serikali ikasimama Old Moshi, na baadaye zikaja nyingine ambazo majina yake yanatajwa hata leo kwa heshima katika nyumba za watu wazima: Lyamungo, Umbwe, Ashira, Machame, Kibosho, na Weruweru bondeni. Fedha za karo zilitoka katika kahawa. Wakulima waliokuwa wameunda chama chao mwaka 1925, kikazaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, waliuza buni ili watoto wasome, na haikuwa nadra familia kuyapima mavuno ya msimu kwa idadi ya watoto ambao ingeweza kuwalipia. Mtu aliyetoa kiasi hicho hakutaka mwanawe ashughulishwe na lolote lisilokuwa kitabu, na kwa hiyo mkuu wa shule alipoweka sheria kali, mzazi alimshukuru.

Katika sheria hizo, ile iliyogusa mawasiliano ndiyo iliyo mzazi halisi wa katazo la simu, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Barua ya mwanafunzi wa bweni haikwenda posta moja kwa moja. Katika shule nyingi iliwekwa wazi mezani kwa mwalimu au kwa mlezi wa bweni, akaisoma, ndipo ikafungwa; na iliyotoka nje, iliyokuja kwa sanduku la posta la shule, ilifunguliwa kwanza ofisini, hasa katika shule za wasichana, ili ijulikane kama mwandishi ni ndugu au ni mwanamume mwenye nia nyingine. Matokeo yake yanaonekana katika barua zenyewe, ambazo wazee wengi wa Kichagga bado wamezihifadhi katika masanduku: zinaanza na shikamoo baba na shikamoo mama, zinaendelea na habari kwamba mwandishi ni mzima wa afya na wasiwasi wake ni juu yao walio mbali, zinataja madhumuni, ambayo aghalabu ni fedha ya matumizi na sabuni, zinasalimu bibi, shangazi, wajomba na majirani mmoja mmoja, kisha zinakwisha. Mtoto aliyejua kwamba jicho la mwalimu litapita juu ya maneno yake aliandika yale tu ambayo kila mtu huandika. Kama alikuwa amepigwa kupita kiasi, kama aliogopa mwalimu fulani, kama moyo wake ulikuwa umevunjika, hayo hayakuwa na mahali katika barua ya namna ile, na mzazi aliyesomewa barua kando ya moto akaambiwa mwanao ni mzima, alilala kwa amani ambayo pengine haikuwa na msingi.

Uhuru haukuibadili ada hiyo. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa Machi 1967, shule za misheni zikatwaliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1969, na wanafunzi wakaanza kupangwa nchi nzima, hata msichana wa Pwani au wa Kigoma akajikuta Weruweru chini ya Maria Kamm, mkuu wa shule aliyesifika kote kwa nidhamu na kwa mashamba ya shule yake, umbali wa siku mbili tatu za gari moshi na basi kutoka kwao. Utengano uliokuwa wa kilima na kilima ukawa wa mkoa na mkoa. Ndipo redio ikapata kazi ambayo wengi wameisahau: vipindi vya salamu vya Redio Tanzania, ambavyo mtu alivitumia kadi akiorodhesha majina ya anaowasalimu, viliwafikia wanafunzi mahali ambapo barua ilichelewa, na jina la shule likitajwa hewani bweni zima lilishangilia. Lakini redio nayo ilikuwa ya shule au ya mlezi, na ilifunguliwa kwa ruhusa. Simu ya waya ilikuwako katika ofisi ya mkuu, nayo ilikuwa simu ya misiba. Mwanafunzi aliyeitwa ofisini kupokea simu alikwenda magoti yakitetemeka, kwa sababu hakuna mzazi aliyepiga kumwuliza mwanawe amekula nini.

Katika miaka ya 1980 mkoa wa Kilimanjaro uliongoza nchi kwa shule za sekondari za binafsi, zilizojengwa na makanisa, jumuiya za wazazi na nguvu za wananchi, na mabweni yakaongezeka kuliko uangalizi. Mwezi Juni 1994 moto uliteketeza bweni la wasichana katika shule ya Shauritanga, wilayani Rombo, upande wa mashariki wa mlima, wakafa wasichana zaidi ya 40. Msiba huo haujapona. Siutaji ili kupamba maneno. Mtu asiyeujua hatafahamu kwa nini mkuu wa shule wa Uchagani, akiona waya uliounganishwa kwa siri na soketi ya bweni ili kuchaji betri, haoni utundu wa kitoto, bali anaona jambo ambalo mlima ulikwisha kulilipia. Mwaka ule ule, Mobitel ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuuza huduma ya simu ya mkononi Dar es Salaam, na simu hiyo ilikuwa ya mfanyabiashara na ya afisa, ghali kupita fikira ya mwalimu, seuze mwanafunzi.

Vodacom ilianza mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata, minara ikasimama juu ya vilima vya kahawa, bei ikashuka, na kabla ya mwongo ule kwisha bibi aliyebaki peke yake kihambani alikuwa na kitochi mfukoni mwa kanga kwa ajili ya wanawe walio Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, na tangu 2008 akapokea humo hata fedha ya sukari na ya mbolea. Uchagani, ambako nusu ya familia huishi ugenini na kurudi Desemba, simu ilikuwa rehema. Ilipoingia kila nyumba ikabaki nyumba moja tu isiyoingia kwa ruhusa, nayo ni shule. Hakuna aliyeuliza kama iruhusiwe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 haikuweza kuitaja, maana ilitungwa kabla haijajulikana nchini. Katazo likakaa katika sheria ndogo za shule na katika fomu ya kujiunga, karatasi ambayo mzazi hutia sahihi kabla mtoto hajapokelewa. Katika fomu nyingi za shule za serikali, za kidato cha tano hasa, simu imewekwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi shule, safu moja na wizi, ulevi, kupigana na kugoma, nayo imefungwa kwa vitenzi vitatu: kumiliki, kukutwa nayo, kutumia. Msomaji apime uzito wa kitenzi cha kwanza. Ufaransa na Uholanzi hukataza matumizi. Sisi tumekataza umiliki, na mtoto ambaye simu yake imezimwa katika kitambaa chini ya sanduku ana hatia sawa na aliyeitumia katikati ya hesabu.

Siku ya kufungua shule, langoni, utaona jinsi katazo hilo linavyotendwa. Mwanafunzi anafika na sanduku la chuma la rangi ya buluu, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo, jembe, fagio la chelewa na rimu ya karatasi, vyote vilivyoagizwa na fomu. Mwalimu wa zamu na matroni wanamwamuru afungue, wanatoa nguo moja moja, wanakung'uta vitabu, wanabonyeza godoro kwa vidole kutoka kichwani hadi miguuni, wanachoma kijiti ndani ya kopo la sabuni ya unga, wanaupasua mkate. Kila tendo katika upekuzi huo lina asili yake, kwa kuwa simu zimewahi kukutwa katika mkate uliotobolewa, katika unga wa sabuni, ndani ya sponji la godoro lililoshonwa upya, na katika kamusi nene iliyokatwa kurasa zake za katikati ikafanywa sanduku. Zilizopita lango huenda darini, au hufukiwa migombani ndani ya mfuko wa nailoni. Chaji hupatikana kwa mwanafunzi wa kutwa anayechukua betri jioni na kuirudisha asubuhi kwa malipo, au kwa soketi ya maabara, au kwa mama muuza maandazi aliye nje ya ua. Uchumi mzima umeota pembezoni mwa katazo, wenye mikopo, wenye kukodisha kwa dakika, na wenye watoaji habari kwa viranja.

Hapo ndipo ninaposhika njia yangu mbali na wale wanaolitetea katazo kama lilivyo. Simu ya siri haizuii mwanafunzi asisome tu, bali inamfundisha hila, na yule asiyekuwa na fedha ya kuikodisha anabaki na barua ileile ya shikamoo. Tena adhabu imezidi kosa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe katika daftari. Lakini Oktoba 2019 nchi nzima ilitazama Mkuu wa Mkoa wa Mbeya akiwachapa hadharani wanafunzi wa shule moja ya Chunya waliotuhumiwa kumiliki simu na kuchoma mabweni, na Rais wa wakati huo akamsifu. Kuchoma bweni ni jinai, na jinai ina mahakama. Kumiliki simu ni jambo jingine kabisa, na kuyafunga mawili hayo katika fimbo moja kuliwafunza wakuu wa shule, huku kwetu kama huko, kwamba palipo simu hakuna haja ya kipimo. Ikawa si ajabu kusikia simu zimevunjwa kwa nyundo mstarini mbele ya wanafunzi wote, mali ya mzazi fukara aliyeinunua kwa debe kadhaa za mahindi.

Mwaka 2020 uliionyesha nchi upande wa pili wa jambo hili. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kidato cha sita wakarudi Juni 1 na wengine Juni 29, na katika miezi hiyo mitatu serikali yenyewe iliwahimiza wanafunzi wasome kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti, na Taasisi ya Elimu ikawaelekeza kwenye vitabu vyake vya mtandaoni. Mtoto wa Rombo alisoma fizikia kwa simu ya kaka yake aliyerudi kutoka mjini. Na aliporudi shuleni mwisho wa Juni, simu ileile iliyomfundisha Mei ikawa sababu ya kufukuzwa Julai. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi kambi ya wapanda mlima ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya mwaka kwisha ikafika kilele cha Uhuru, hata mgeni aliyepanda kwa starehe akaweza kuwaonyesha ndugu zake barafu kwa picha za papo hapo. Sina kinyongo na mgeni huyo. Nasema tu kwamba mnara wa juu ya shule za Marangu unawahudumia wote isipokuwa wanaotajwa kila siku kuwa taifa la kesho.

Nisidhaniwe kuwa nataka simu darasani. Nimewasikia walimu wa shule za kata, zile zilizoenea tangu mpango wa mwaka 2004, ambazo watoto wake hulala makwao na simu kichwani pa kitanda, wakieleza jinsi nusu ya darasa inavyosinzia saa mbili asubuhi. Nimeona jinsi picha ya aibu ya msichana mmoja inavyoweza kuzunguka kata nzima kabla ya kengele ya mapumziko. Na Baraza la Mitihani lina haki kamili ya kuikataa simu katika chumba cha mtihani. Wazee wa ngasi walikuwa na hekima: akili changa hutaka uwanda wake, na uwanda huo sharti ulindwe. Katazo la kutumia simu saa za masomo na saa za kulala ni la haki, na mataifa yanayolifikia sasa yamelifikia kwa gharama. Dosari yetu iko katika jambo lile lililokuwamo tangu enzi ya barua zilizofunguliwa, kwamba tulipomlinda mtoto na dunia tulimnyima pia mlango wa kuiita dunia imsaidie. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mwenye haki ya kutoa maoni yake. Iko namba 116, isiyotozwa senti, iliyowekwa ili mtoto wa Tanzania aliyedhulumiwa apige na kusikilizwa na mtu asiye mwalimu wake. Mtoto wa bweni atapigaje? Atamwomba simu matroni, na pengine ni huyo huyo matroni, au rafiki yake, anayetaka kumlalamikia.

Kwa hiyo linalotakiwa ni dogo, na baadhi ya shule za binafsi hapa mkoani zimekwisha kulifanya kwa kiasi: simu mbili tatu za kawaida za shule, zisizo na intaneti, zilizofungwa ukutani mahali palipo wazi kwa macho lakini mbali na masikio, ambazo kila mwanafunzi atapata zamu yake Jumamosi baada ya usafi, azungumze na nyumbani bila mtu kusimama nyuma yake, na ambazo namba 116 itapigika humo siku yoyote na saa yoyote bila kuomba ruhusa wala kuandika jina daftarini. Kamishna wa Elimu anao uwezo wa kuliagiza kwa waraka wa ukurasa mmoja, bila kungoja sheria mpya. Katika waraka huohuo aondoe neno kumiliki katika fomu za kujiunga, aamuru kwamba simu iliyokutwa iwekwe bahasha, iandikwe jina, ikabidhiwe kwa mzazi mwisho wa muhula ikiwa nzima, na kwamba mwanafunzi asifukuzwe shule kwa ajili yake.